Ufufuo wa Mwili na Kazi za Siku Sita

Kila Jumapili tusimamapo kuungama imani yetu twatamka kwamba twaamini ufufuo wa mwili. Maneno hayo tumeyazoea mno. Lakini ukimwuliza Mkristo habari za wafu wake, mara nyingi atakujibu kwamba roho zao zimekwenda kwa Mungu, wala hatautaja mwili hata kidogo. Katika somo hili twataka kuutazama huo mwili, kwa kuwa hapo ndipo imani hii inapokutana na kazi zetu toka Jumatatu hata Jumamosi. Tafadhali fungueni 1 Kor. 6 na 15.

Wayunani wengi wa zamani walidhani ya kuwa mwili ni kama gereza la roho, na kufa ni kufunguliwa. Ndiyo sababu baadhi ya watu wa Athene walimdhihaki Paulo alipotaja ufufuo wa wafu (Mdo. 17:32). Tena angalieni matokeo ya mawazo kama hayo. Ikiwa mwili ni kitu cha kutupwa, basi lo lote mtu atakalotenda kwa mwili wake, au kwa mwili wa mwenzake, si neno. Huko Korintho Paulo alilazimika kuwaonya Wakristo juu ya kwenda kwa makahaba. Naye hakuwajibu kwa kuwakataza tu. Aliwaambia kwamba Mungu aliyemfufua Bwana atatufufua na sisi, kwa hiyo mwili ni wa Bwana (6:13-14). Basi kabla hajafika kwenye sura ya 15, Mtume amekwisha kuutumia ufufuo katika shauri la mwenendo wa watu.

Sisi wa kando ya ziwa tunayo makaburi ya kutufundisha neno hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikija kutoka Bukoba na Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Watu kwa mamia walikufa, na wengi walioopolewa bila kutambulikana walizikwa Igoma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Bugolora, wakafa watu zaidi ya 220. Baadhi yao walizikwa huko huko Ukara, Bwisya.

Wanafunzi wa kipaimara huuliza, "Mwalimu, yule ambaye ziwa halikumrudisha atafufukaje?" Mwalimu asimkaripie aulizaye hivyo. Ni kweli Paulo alimwita mwenye swali kama hilo mpumbavu (15:35-36), lakini huyo aliuliza kwa kubisha. Aliyefiwa na baba yake majini auliza kwa machozi. Jibu la Mtume ni mbegu. Mkulima haoni tena punje aliyoipanda, nayo haikupotea kwa Mungu aipaye mwili kama apendavyo. Wakristo wa kwanza waliyaita makaburi yao kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mahali pa kulala, na aliyelala bado ana jina lake, hata kama hakuna ajuaye kulisoma.

Basi waliozamia maji, na waliobeba na kuchimba makaburi Igoma na Bwisya, hawakushughulika na takataka. Vivyo hivyo yeye ahesabuye abiria bandarini. Kivuko kile cha Ukara kilitengenezwa kuchukua watu 101, nacho kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo. Mtu aweza kusema kwamba hilo ni jambo la serikali wala si la dini. Mimi siwezi kukubali. Mwenye kupakia kupita kipimo ameiweka nauli mbele ya miili ambayo Bwana ameahidi kuifufua.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo, na latupasa kulisema waziwazi. Katika mikoa yetu ya ziwa, hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino waliuawa, na viungo vyao vikatafutwa kwa fedha, kwa kuwa wapiga ramli waliwaambia watu ya kwamba vyaleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Wengine walinusurika wakiwa wamekatwa mikono. Tena wako bibi vizee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Na macho hayo mara nyingi ni mekundu kwa moshi wa kuni za kutupikia sisi! Mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Ni vema, lakini marufuku haiondoi hofu moyoni. Aaminiye kwamba mwili wa jirani yake ni wa Bwana, naye Bwana ataudai siku ile, hataweza kuutia bei. Kumbukeni pia kwamba Bwana alipofufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari (Yn. 20:27). Jeraha lile halikufutwa kana kwamba halikutendeka.

Nanyi wavuvi, someni Yn. 21. Wale wanafunzi walikuwa wamekesha usiku kucha bila kupata kitu, kama ninyi mjuavyo. Bwana aliyeshinda mauti alikuwa pwani amewasha moto wa makaa, juu yake samaki na mkate, akawaita wale. Hakuona aibu kupika. Nyavu zilipojaa hakutumia dawa wala kiungo cha mtu ye yote.

Mwalimu akilifundisha somo hili asikome mwisho wa sura ya 15, mahali Paulo asemapo kwamba taabu yetu katika Bwana si bure. Asome mistari miwili mbele. Mara tu baada ya habari ya parapanda, Mtume ataja fedha za kuwasaidia watakatifu wahitaji, kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Kisha aulize darasa: katika mtaa wetu ni nani mwenye ualbino asiye na kofia ya kumkinga na jua, na ni bibi gani ambaye hapana amtembeleaye kwa sababu ya maneno ya watu? Majina hayo yaandikwe, yapelekwe kwa wazee wa usharika kabla ya Jumapili ijayo.