SOMO: Mkopo wa Serikali Unaojenga



Mwaka 2020 mpaka wetu ulipofungwa kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kupita Busia na Malaba, lakini mama wa gunia moja la maharagwe hakuweza kuvuka. Mtaji ukaliwa jikoni. Mtaji ukishaliwa, biashara hairudi kwa nguvu za mikono tu. Inataka pesa ya kuanzia. Hapo mkopo wa Serikali unaweza kutuinua. Lakini si kila mkopo, na si kwa kila njia. Tujifunze pamoja.

KISA

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Malaba kilipata mkopo wa Serikali. Sisi wenyewe tuliwasaidia kujaza fomu. Pesa zilipoingia, waligawana sawa kwa sawa siku hiyo hiyo. Mmoja akalipa karo, mwingine akanunua mabati, mwingine akamaliza deni la duka. Watatu tu walinunua omena na nafaka za kuuza. Wakati wa kulipa ulipofika, hao watatu ndio waliokuwa na kitu mkononi. Wakachoka kuwalipia wenzao. Mikutano ikafa, na ule mchango wa mazishi uliowasaidia miaka mingi nao ukafa.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini tusiwalaumu peke yao. Karo ni shida ya kweli. Nasi tulikosea: tuliwafundisha kupata mkopo, hatukuwafundisha kuutumia wala kuurudisha.

MKOPO UNAJENGAJE?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilikuwa magofu. Mwaka 1948, upande wa magharibi, ilianzishwa benki ya umma iitwayo KfW. Ilitumia pesa za msaada wa Marekani kukopesha waliojenga nyumba na kufufua viwanda. Haikuwa zawadi. Aliyekopa alirudisha, na pesa ile ile akakopeshwa mwingine. Ni kama mzunguko wetu wa chama, ila mkubwa.

Hapa Kenya tulianza na Mfuko wa Vijana mwaka 2006 na wa Wanawake mwaka 2007. Mwaka 2013 ukatangazwa Mfuko wa Uwezo, kwa shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimewekwa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa rais ambayo haikufanyika. Uwezo ulianza kukopesha vikundi bila riba, kwa ada ya asilimia 3, na miezi 6 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Novemba 2022 ukaja Mfuko wa Hasla, wa kukopa kwa simu: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kulipa kwa siku 14, na asilimia 5 ya mkopo ikibaki kama akiba yako.

Tupige hesabu. Mkopo wa shilingi 10,000 kwa riba hiyo, kwa siku 14, unazaa riba ya kama shilingi 31. Mkopeshaji wa mtaani akitaka mia moja kwa kila elfu kila wiki, kwa wiki mbili ni shilingi 2,000. Mkopo nafuu unamwachia mchuuzi jasho lake, naye analitumia hapa hapa sokoni. Hivyo ndivyo uchumi unavyoinuka.

Lakini angalieni muda. Muuza omena huzungusha mtaji zaidi ya mara moja katika siku 14. Mkulima anapanda Machi na kuvuna kuanzia Julai. Hakuna mahindi yanayokomaa kwa siku 14! Akinunua mbolea kwa mkopo huo, atauza kuku ili alipe. Yeye anafaa mkopo wenye miezi ya kusubiri.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Semeni wazi: pesa inaingia kazi gani, na itarudi mwezi gani?
2. Karo na ugonjwa zisaidiwe na akiba ya kikundi, si mkopo wa biashara.
3. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila mkutano.
4. Masharti hubadilika. Nendeni watu watatu, si mmoja, mkaulize ofisini. Mkiombwa kitu kidogo, mkatae pamoja.

Wako wanaosema pesa za Serikali hazina mwenyewe. Si kweli. Tunazilipa tukinunua sabuni na sukari. Asiyerudisha anamnyima jirani anayengoja zamu.

Wale akina mama wameanza kukutana tena, kwa shilingi 50 kila wiki. Wameanza na mchango wa mazishi. Deni la zamani wanalipunguza kidogo kidogo. Mkopo mpya watauzungumzia wakilimaliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, kazi gani inarudisha pesa upesi, na gani inachelewa?
2. Mwenzetu akishindwa kulipa kwa sababu ya msiba, tutafanyaje? Tumeandika?
3. Tukirudisha mkopo wetu, ni nani hapa kijijini atakayefaidika baada yetu?