Afya ya Mama: Bakteria Wanaomlinda Mjamzito

Uke una bakteria wazuri, laktobasila, wa jamii moja na wale wanaochachusha maziwa kwenye kibuyu. Wakati wa ujauzito, homoni ya estrojeni huongezeka na kuta za uke huweka akiba zaidi ya sukari. Laktobasila huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na kipimo cha pH hubaki kati ya 3.8 na 4.5, hali isiyofaa vijidudu vya maradhi.

Kujisafisha ndani kwa sabuni au mitishamba huvuruga ulinzi huo. Maambukizi yakiingia, hatari ya kujifungua kabla ya wakati huongezeka.

Mjamzito aoshe nje tu, kwa maji safi. Ute mweupe usionuka ni kawaida. Akiona uchafu wa kijivu, harufu ya samaki au mwasho, amweleze muuguzi katika kliniki ya wajawazito, Kapsokwony. Hali hiyo inatibika.