Kukaza Vitu Ukutani: Somo la Vigingi na Kuta Nyepesi

Wasomaji wetu, leo twapenda kueleza jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa ni dogo, nalo ni kigingi cha ukutani. Kigingi ni kile kipande kidogo kitiwacho katika tundu la ukuta ili parafujo ipate mahali pa kushika. Bei yake ni ndogo, lakini rafu ya vitabu, ubao wa darasa na kabati la dawa vyote hutegemea hicho.

Katika shule moja ya upande wa Mgeta tulionyeshwa rafu iliyoanguka usiku. Parafujo zilikuwa nzima, mbao nzima, na vyuma havikupinda hata kidogo. Matundu ya ukuta ndiyo yaliyopanuka na kumwaga unga. Lau ingalianguka asubuhi, watoto waketio chini yake wangaliumia vibaya. Basi kosa halikuwa la rafu. Fundi alitumia kigingi cha zege gumu katika tofali laini.

KIGINGI CHASHIKAJE?

Zamani mafundi walichonga kabari ya mti, wakaigongomea ukutani, kisha wakatia msumari. Kabari hiyo yafaa kwa muda, lakini mti hunywa maji wakati wa masika ukavimba, na kiangazi hukauka ukanywea. Mwisho wake hulegea. Mwaka 1911 John Joseph Rawlings, mjenzi wa London, alibuni kigingi cha nyuzi za juti zilizogandishwa pamoja, nyuzi za jamii ya kazi ile ile ifanywayo na mkonge tuujuao sana Morogoro. Mwaka 1958 Artur Fischer wa Ujerumani akaleta kigingi cha nailoni, na vya namna hiyo ndivyo vilivyoenea madukani leo.

Kazi yake ni hii: parafujo ikiingia, kigingi hutanuka na kusukuma pande za tundu kwa nguvu, na msukumo huo ndio ushikao. Kwa hiyo hapana budi ukuta nao uweze kuustahimili. Zege gumu huustahimili. Ukuta mwepesi hauwezi. Huvunjika ndani, na kadiri ukazavyo parafujo ndivyo uharibuvyo tundu.

ZIJUE KUTA ZAKO

Ukuta wa fito na udongo haufai kigingi cho chote. Tafuta mti wenyewe ulio ndani, ukaze hapo. Tofali la kuchoma lililoiva vema hushika vizuri, lakini lile lisiloiva humomonyoka. Tofali la saruji lenye uwazi ndani lina kuta nyembamba, na kigingi kifupi chaweza kupenya kikaelea katika uwazi.

Tena kuna saruji nyepesi. Nyingine huchanganywa na mawe mepesi ya volkano, mfano wa yale yapatikanayo kando ya mlima Rungwe; Warumi walitumia mawe ya namna hiyo katika kuba la hekalu lao la Pantheon, yapata miaka 1,900 iliyopita. Nyingine hutiwa dawa ya kuumua kama mkate, ikajaa mapovu. Hiyo ilianza Uswidi katika miaka ya 1920. Mapovu hayo ndiyo yaipayo wepesi, na ndiyo yaiondoleayo nguvu ya kushika. Tofali la saruji lililopunguziwa saruji na kuzidishiwa mchanga nalo lina udhaifu wa namna hiyo, wala halihitaji kutoka mbali.

Utaujuaje ukuta? Toboa tundu moja mahali pasipoonekana. Keekee ikienda kwa shida na unga ukawa mchache, ukuta ni mgumu. Ikizama kama katika muhogo, ukuta ni mwepesi. Ikienda kwa shida kisha ikatumbukia ghafula, kuna uwazi.

KANUNI ZA UKUTA MWEPESI

Kwanza, chagua kigingi kirefu chenye mbawa pana au chenye mzunguko kama wa parafujo kubwa, kilichofanywa kwa ajili ya saruji nyepesi. Hicho huukamata ukuta mahali pengi badala ya kuusukuma mahali pamoja. Kwa tofali lenye uwazi, chagua kile kijikunjacho na kufunga fundo upande wa ndani.

Pili, toboa kwa kuzungusha tu, bila kugongagonga, na tundu lisizidi unene ulioandikwa kwa kigingi hicho. Lizidishe urefu kidogo kupita kigingi, kisha pulizia unga utoke wote.

Tatu, usihesabu lipu kuwa ni ukuta. Kigingi chote kikae ndani ya tofali, mbali na ukingo na mbali na kona.

Nne, parafujo iwe na urefu wa kigingi, na unene wa kitu kifungwacho, na ziada kidogo ya kutokeza mbele. Katika miteremko ya mashariki ya Uluguru, kama Kinole na Matombo, ambako mvua ni nyingi, nunua zilizopakwa zinki zisipate kutu upesi.

Tano, mzigo mzito sana usiuamini kwa kigingi. Pitisha bolti ukuta mzima, utie bamba la chuma upande wa pili, au ukisimamishe kitu hicho juu ya miguu yake chini.

HESABU YA RAFU

Waalimu waweza kuwafundisha wanafunzi hesabu hii. Vitabu vya kilo 30 vimekaa sentimeta 15 kutoka ukutani. Ikiwa kutoka parafujo ya juu hata ncha ya chini ya chuma cha rafu ni sentimeta 15, parafujo za juu zavutwa kwa nguvu ya kilo 30. Lakini chuma kikiwa kifupi, sentimeta 5 tu, nguvu hiyo yawa kilo 90, na vitabu ni vile vile! Basi chuma kirefu chaokoa kigingi.

Mwisho, jaribu kabla ya kutumia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito upatao kilo 20. Itundike mzigo mara mbili ya ule utakaowekwa, uuache usiku kucha, wala mtu asipite chini yake. Asubuhi kigingi kikiwa kimesogea, ungoe na uchague kingine.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: asiyechunguza ukuta wake atalipa rafu yake, na huenda akalipa zaidi ya rafu.