Baba, Mjomba, na Elimu ya Nafsi

Mwulizeni Mchaga ni nani mwenye amri juu ya mtoto, naye atajibu, "Baba." Mwulizeni mzee wa Kiluguru, pengine atasema, "Mjomba." Kwa ajili ya tofauti hiyo wenye elimu wa Ulaya walibishana sana.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna (1856–1939), alifundisha ya kuwa kila mtoto mwanamume, angali mdogo, humpenda mama yake kwa wivu na kumwonea baba uadui wa siri. Uadui huo hufichika moyoni, hata mwenyewe hana habari nao, nao hutokea tena katika ndoto na katika maradhi ya nafsi. Jambo hilo aliliita kwa jina la Oedipus, mfalme wa hadithi ya Wayunani aliyemwua baba yake pasipo kumjua. Wala hakuwasemea watu wa mji wake tu. Katika kitabu cha mwaka 1913 aliandika ya kuwa dini na sheria za wanadamu wote zilianzia hapo. Neno kubwa mno kwa mtu aliyewasikiliza hasa wagonjwa wa mji mmoja!

Katika miaka ya vita kuu ya kwanza, Mpolandi mmoja, Bronisław Malinowski, alikaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya. Huko ukoo hufuata mama. Baba huwabeba watoto, huwalisha, hucheza nao. Bali mwenye amri na urithi ni mjomba. Malinowski akaona ya kuwa manung'uniko ya vijana humwelekea mjomba, wala si baba. Na mwiko uliowasumbua hasa ulikuwa habari ya dada, si ya mama. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 alisema ya kuwa Freud ameeleza nyumba ya Ulaya, ambamo baba ni bwana, akaidhania kuwa nyumba ya watu wote.

Ernest Jones, mfuasi wa Freud huko Uingereza, alikuwa amekwisha kumjibu mwaka 1925, maana Malinowski alitangulia kuyatoa hayo katika makala. Chuki kwa mjomba, alisema Jones, ni chuki kwa baba iliyogeuzwa njia. Hapa ndipo penye kosa. Kijana akimchukia baba, Freud amesema kweli. Akimpenda baba na kumchukia mjomba, Freud amesema kweli vile vile. Ni ushahidi gani basi ungaliweza kumkanusha?

Walakini Malinowski naye si hakimu asiyekosea. Mwaka 1982 Mmarekani Melford Spiro aliyapima tena maandiko yake, akahukumu ya kuwa uadui kwa baba uko hata Trobriand. Hoja yake haikosi nguvu, kwa kuwa mtoto wa huko hulelewa kwanza na baba na mama, na amri ya mjomba huja baadaye.

Kwa mazungumzo: Katika ukoo wenu, mtoto akikosa humwadhibu nani, naye hurithi shamba kwa nani?