Chokaa kwenye nyonga: anza na picha, mchuaji asubiri

Nyonga ikikukamata ghafla hadi ukashindwa kuvaa suruali ukiwa umesimama, washauri hawakosekani. Mmoja atakuambia ukandwe kwa maji ya moto, mwingine ataleta mchuaji, wa tatu atakupiga marufuku maziwa. Maziwa hayana kosa. Chokaa, yaani madini ya kalsiamu yanayojikusanya kwenye kano, haitokani na chakula, na ukiyaacha maziwa utapunguza lishe ya mifupa bila kuigusa chokaa hiyo.

Kwanza weka kidole panapouma. Maumivu ya ubavuni, juu ya mfupa unaoulalia usiku, mara nyingi ni ya kano za misuli ya makalio. Ya kinenani yanaweza kutoka kwenye kano ya mbele au ndani ya kiungo chenyewe. Mwonyeshe daktari mahali hapo, kisha mwombe eksirei. Ni kipimo cha kawaida, na chokaa huonekana kama doa jeupe pembeni ya mfupa. Ikiwa ni mstari mwembamba mweupe ndani ya gegedu, huo ni ugonjwa mwingine, unaowapata zaidi wenye miaka 60 na kuendelea, na dawa zake si zote zilezile.

Muulize pia kama kingo za doa ni kali au zimefifia. Doa lenye kingo kali linaweza kukaa miaka bila kukusumbua. Likififia, mwili umeanza kulifyonza. Chokaa imelainika kama dawa ya meno, na hapo ndipo maumivu huwa makali kuliko wakati wowote. Wengi hudhani hali inaharibika, kumbe doa linaondoka. Kuichua kwa nguvu nyonga iliyovimba hivyo ni kujitesa bure.

Ila usijitibu nyumbani ukiwa na homa, ukishindwa kabisa kukanyaga, au kama umeanguka. Mwenye selimundu, mwenye kinga dhaifu, na mtoto yeyote anayechechemea waonwe siku hiyohiyo. Usaha ndani ya nyonga huweza kuharibu gegedu kwa siku chache.

Hayo yakishaondolewa, tiba huanza na mambo madogo. Pumzisha nyonga siku kadhaa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, na ulale upande usiouma ukiwa na mto katikati ya magoti. Fimbo ishikwe mkono wa upande mzima. Wengi huishika upande unaouma, na nyonga inabaki na mzigo wake. Ibuprofen au diclofenac husaidia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, ugonjwa wa moyo au mimba asinywe bila kumuuliza daktari. Maumivu yakipungua, mazoezi ya kuimarisha makalio chini ya mtaalamu wa fiziotherapia yafuate.

Yasipopungua, ipo sindano ya stiroidi, au kuosha chokaa: daktari huongoza sindano kwa ultrasaundi baada ya ganzi, husukuma maji ya chumvi na kuyavuta yakirudi na weupe. Upasuaji ni kwa wachache.

Na ile picha ya kwanza usiitupe. Nenda nayo kila miadi, maana bila hiyo daktari hataweza kujua kama doa limepungua.