Istihadha: Baada ya Fatwa, Nenda Maabara



Katika darasa la akina dada swali la istihadha haliishi. Damu imepita siku zake, je, nisali? Nifunge? Majibu ya fiqhi tunayapata kwa walimu wetu, na alhamdulillah yako wazi. Swali la pili huulizwa kwa nadra: kwa nini damu haikatiki? Mimi nasoma sayansi ya maabara, na kwetu ni Nkanka, wilayani Rusizi. Huko, kama kwingine kwingi, msichana anaweza kutokwa na damu nyingi kwa miaka akiambiwa, "Ni ya ukoo, hata mama yako alikuwa hivyo." Neno hilo, "ya ukoo", ndilo linalopaswa kumpeleka maabara.

1. Mpaka wa ibada na mpaka wa tiba

Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba damu yake haikatiki. Alijibiwa kuwa damu hiyo ni ya mshipa, si hedhi, akaelekezwa namna ya kuhesabu siku zake, kuoga na kusali. Hakuona haya kuuliza, nasi tusione haya.

Kwa madhehebu ya Shafii hedhi haizidi siku 15. Kwa Hanafi, siku 10. Mipaka hii ni ya ibada. Daktari ana wake: damu ikizidi siku 7 au 8, au ukilazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, au yakitoka mabonge makubwa, au ukipata kizunguzungu na kuchoka kwa upungufu wa damu, unahitaji kupimwa. Kwa hiyo siku ya 12 dada wa Kishafii anaweza kuwa bado katika hedhi kisheria, na wakati huohuo awe amechelewa kumwona daktari. Usisubiri siku ya 16.

2. Damu inavyoganda na inavyoyeyuka

Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale penye jeraha. Protini iitwayo von Willebrand huzinatisha ukutani mwa mshipa. Kisha protini nyingine hufuma nyuzi za faibrini, na bonge hukaza. Jeraha likipona, kimeng'enya kiitwacho plasmini huzikatakata nyuzi hizo. Baadhi ya vipande vinavyobaki ndivyo tunavyopima kwa jina la D-dima.

Ndani ya mfuko wa uzazi kazi hii ya kuyeyusha huwa kubwa wakati wa hedhi, ndiyo maana damu yake kwa kawaida haigandi. Mabonge makubwa yakianza kutoka, maana yake damu inakuja kwa kasi kuliko inavyoweza kuyeyushwa.

3. Vipimo na maana yake

Cha kwanza ni wingi wa damu na hesabu ya chembe. Chembe sahani za kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita. Vya pili ni PT na APTT, vinavyopima kwa sekunde muda wa damu kuganda. Cha tatu ni kipimo cha protini ya von Willebrand yenyewe. Hiki ni muhimu, kwa sababu mgonjwa anaweza kuwa na PT na APTT za kawaida na bado akawa na ugonjwa huo. Pia protini hii hupanda kwa ujauzito, homa au hofu, kwa hiyo jibu zuri la mara moja halitoshi, hurudiwa.

D-dima ina kazi nyingine. Husaidia kuondoa shaka ya bonge lililoziba mshipa wa mguu au wa pafu. Ikiwa chini ya nanogramu 500 kwa mililita, na dalili ni hafifu, bonge halitarajiwi. Ikiwa juu haithibitishi kitu peke yake, kwani hupanda pia kwa ujauzito, baada ya kujifungua na kwa maambukizi.

Damu ya vipimo vya kuganda huwekwa katika chupa yenye kifuniko cha buluu, ndani yake mna sitreti: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Ikijazwa pungufu, jibu linapotoka. APTT hutakiwa kupimwa ndani ya saa 4 hivi. Kwa mtu wa Nkanka hili ni jambo zito. Anza kituo cha afya na bima yako ya mituweli, upate rufaa ya hospitali ya wilaya. Kipimo kisipopatikana huko, mara nyingi ni heri mgonjwa mwenyewe asafiri hadi Huye au Kigali kuliko chupa yake kusafirishwa.

4. Kwa nini tuharakishe

Mwaka 1926 daktari Erik von Willebrand wa Finland aliandika kuhusu familia moja ya visiwa vya Åland. Binti aliyefikishwa kwake akiwa na miaka 5 alikuja kufariki kwa kutokwa na damu katika hedhi yake ya nne. Siku hizi ipo dawa, asidi ya traneksamiki, iliyotangazwa mwaka 1962 na watafiti wa Japani Utako na Shosuke Okamoto, mke na mume. Huizuia plasmini isiyeyushe bonge. Hutumika kwa agizo la daktari tu, na aliyewahi kuzibwa mshipa na bonge la damu aseme kabla ya kupewa.

5. Ya kushika

Andika tarehe za damu yako kwa miezi mitatu: zitakufaa kwa ustadhi na kwa daktari. Muulize mama na shangazi kuhusu hedhi zao, uzazi na kung'olewa meno. Usimeze aspirini kutuliza maumivu ya hedhi nzito. Nanyi akina kaka, ugonjwa huu hurithiwa na wote: mtoto wa ukoo wenye historia ya kuvuja damu apimwe kabla ya tohara.

Fatwa inakuambia lini usali. Maabara inakuambia kwa nini unavuja. Dada anahitaji yote mawili.

Wabillahi tawfiq.