SOMO LA NYUMBANI: TAMBI ZA KUKAANGA KWA NAMNA YA KICHINA



Katika somo hili tutajifunza kupika tambi za kukaanga kama wafanyavyo Wachina. Pengine mtu atauliza, "Sisi watu wa Mbuba tuna ndizi na maharage, tambi za Wachina zatuhusu nini?" Swali hilo ni jema. Jibu ni hili: tambi ni chakula cha siku moja moja, lakini namna ya kuzipika yaweza kutusaidia kila siku, kwa maana inaokoa kuni na kuhifadhi nguvu ya mboga.

1. ASILI YA CHAKULA HIKI

Tambi ni chakula cha zamani sana huko China. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza habari za bakuli la tambi lililofukuliwa mahali paitwapo Lajia, kaskazini-magharibi ya China, lililokuwa limekaa udongoni kwa miaka kama 4,000. Tambi hizo zilikuwa za nafaka ndogo zinazofanana na uwele. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano.

Wachina si wageni kwetu. Reli ya TAZARA ilipojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, maelfu yao walikaa Tanzania na Zambia, wakijipikia makambini. Hata mboga ile ya majani mapana tuiitayo chainizi, jina lake laonyesha ilikotoka.

Chombo chao cha kukaangia ni kama karai letu. Kitako chake ni cha mviringo, hukaa vizuri juu ya mafiga matatu, na moto hukusanyika katikati. Basi hatuhitaji kununua chombo kipya.

2. KWA NINI TUJIFUNZE

Kwanza, kuni. Wazee wetu wanakumbuka jinsi vilima vya Ngara vilivyokuwa na miti. Mwezi wa Aprili 1994 ndugu zetu wa Rwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda mfupi sana, wakapiga kambi Benaco na mahali pengine. Wengi walikaa mpaka Desemba 1996. Miti mingi ilikatwa. Hatuwalaumu, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kula mahindi mabichi. Lakini hata baada ya wao kuondoka, sisi wenyewe tumeendelea kukata, na anayelipa ni mama na binti wanaokwenda mbali kutafuta kuni. Mtoto akichelewa shuleni kwa sababu ya mzigo wa kuni, jiko letu limemnyima masomo.

Pili, afya. Mboga ikichemshwa saa nzima, na maji yake yakamwagwa, vitamini C nyingi hupotea. Mboga iliyokatwa ndogo na kukaangwa dakika chache hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake. Tena mafuta kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika karoti na majani ya kijani.

3. VITU VINAVYOHITAJIWA (watu 6)

Tambi ndefu (spageti), nusu kilo
Mafuta ya alizeti au ya karanga, vijiko 5 vya chakula
Vitunguu 2
Kitunguu saumu, punje 4
Tangawizi, kipande kama kidole gumba
Karoti 3
Pilipili hoho 1
Kabichi, robo ya kichwa, au chainizi fungu 1
Mayai 4
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe
Ndimu 1 na chumvi

Ukipata sosi ya soya, tia vijiko 3 vya chakula mwishoni na upunguze chumvi, kwa maana sosi hiyo ina chumvi nyingi. Usipoipata, chumvi, ndimu na tangawizi zatosha.

4. NAMNA YA KUPIKA

(a) Osha mboga kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuosha, maji yatachukua vitamini. Kata karoti na hoho vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, na kabichi kama ya kachumbari.

(b) Panga kila kitu juu ya sinia kabla ya kuwasha moto. Hii ndiyo siri ya Wachina. Anayewasha moto kisha akaanza kumenya vitunguu, kuni zake zinaungua bure.

(c) Chemsha maji lita 3 na chumvi kijiko kimoja cha chai. Tia tambi, koroga, acha zichemke dakika 2. Kisha ipua sufuria, funika vizuri, uache kwa dakika 8 hadi 10. Tambi zitaendelea kuiva zenyewe bila moto. Zikilainika zichuje, uzichanganye na kijiko kimoja cha mafuta zisigandamane.

(d) Sufuria ikiwa imefunikwa, weka karai motoni. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, zitoe mwali mkali. Kaanga mayai kwa kijiko kimoja cha mafuta, yavunjevunje, uyaweke pembeni.

(e) Tia mafuta yaliyobaki. Yakipata moto, tia vitunguu, saumu na tangawizi kwa nusu dakika. Fuatisha karoti na hoho, dakika 2. Kisha kabichi, dakika 2. Koroga bila kukoma. Usifunike wala usitie maji.

(f) Tia tambi na mayai, geuza dakika 2. Ipua, kamulia ndimu, nyunyizia karanga. Kaleni kikiwa moto.

Kama karai ni dogo, kaanga kwa awamu mbili. Ukijaza sana, mboga hutoa maji na kutokota badala ya kukaangika.

5. MAMBO YA KUANGALIA

Tambi peke yake ni wanga, sawa na ugali. Mtoto hakui kwa wanga tu. Lazima pawe na mayai, karanga, dagaa au nyama kidogo. Mama asiuze mayai na maharage ya watoto ili anunue tambi. Hiyo ni hasara iliyovaa nguo nzuri.

Tambi za pakiti ndogo za kupika upesi huwa na kifuko cha viungo chenye chumvi nyingi. Tia nusu tu, na uongeze mboga.

Si kila kitu kinafaa kupikwa upesi. Kisamvu kina sumu. Lazima kitwangwe na kuchemshwa sana. Maharage makavu nayo yalowekwe na kuchemshwa mpaka yaive kabisa. Nyama ya nguruwe ikatwe ndogo na iive mpaka ndani, kwa sababu ya minyoo.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji. Funika karai kwa kifuniko na kuondoa kuni. Watoto wasicheze karibu.

6. KUTUMIA UJUZI HUU KILA SIKU

Asiye na fedha za tambi asikate tamaa. Fuata njia hiyo hiyo kwa ndizi zilizochemshwa na kukatwa, au viazi vitamu vilivyobaki jana. Wali uliopoa vizuri nao wafaa, ila wali uliokaa usiku kucha mahali pa joto usitumike, hata ukipashwa moto. Jumapili, watu wanaporudi kutoka ibadani na njaa, chakula hiki kitakuwa mezani mapema, na mama naye atapata kupumzika siku ya Bwana.

7. FUNDISHO

Mithali sura ya 31 inamsifu mwanamke anayeleta chakula kutoka mbali kama merikebu za wafanya biashara. Kwa hiyo kujifunza mapishi ya taifa jingine si kuiacha asili yetu. Tena katika Yohana sura ya 6, Bwana wetu alipokwisha kulisha watu elfu tano, aliamuru masazo yakusanywe. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali ipotee. Je, sisi tusioweza kuumba hata mti mmoja, tuchome ovyo?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, ni nani anayetafuta kuni, na anatumia saa ngapi kwa juma?
2. Taja mboga tatu za shamba lako zinazofaa kukaangwa upesi, na moja isiyofaa.
3. Akina baba na vijana wa kiume wawezaje kusaidia kazi ya kumenya na kukata kabla ya moto kuwashwa?
4. Kila nyumba ya kikundi chetu yaweza kupanda miti mingapi mvua zitakapoanza?

Mungu abariki meza zenu na mikono inayopika.